Mkurya Anapoketi Mbele Yako: Mwongozo kwa Mshauri wa Afya ya Akili Tarime na Serengeti

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepangiwa kazi Itiryo, Nyamwaga, Nyamongo au kule Mugumu, na ambaye katika majukumu yako limo la kumsikiliza mtu aliyeelemewa. Pengine wewe ni muuguzi wa zahanati, ofisa ustawi wa jamii, mwalimu wa malezi na unasihi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mchungaji au katekista. Pengine umetoka Mbeya au Tanga, na kabla hujafunga mizigo kuna mtu alikuambia, "Unaenda kwa Wakurya? Jiangalie." Neno hilo unalo bado. Usipolishughulikia mapema litaingia nawe chumbani, litaketi kati yako na mgonjwa, na litaamua mengi kabla hajafungua kinywa.

Marekani wana mjadala mrefu kuhusu rangi ya mtu na afya ya akili yake: ubaguzi unavyoumiza nafsi, mtu mweusi anavyojiona katika nchi iliyomdharau, na daktari mzungu anavyoweza kuliita ugonjwa lile ambalo ni hasira ya haki. Mwaka 1998 madaktari Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliokuwa wakifanya kazi Oakland, California, waliandika kwamba tabibu hawezi kuhitimu katika utamaduni wa mgonjwa kama mtu anavyohitimu kozi. Inampasa ajikague maisha yake yote, na akubali mgonjwa awe mwalimu wake. Huku Mara wengi wetu tuna rangi moja. Kinachotutenga ni kabila, na ndani ya kabila ni ukoo. Jeraha lakini linafanana: mtu anahukumiwa kwa kundi alilozaliwa ndani yake.

Shika jambo moja katika yote yatakayofuata. Kabila na ukoo vinaweza kuwa ndivyo vilivyomuumiza mtu, na hivyohivyo vikawa ndivyo vitakavyomsimamisha tena. Usivifumbie macho kwa kusema "sisi sote ni Watanzania", na usivigeuze kuwa maelezo ya kila anachofanya. Muulize mwenyewe anaishi navyo vipi.

Anza na ulichoambiwa

Ni vizuri ujue kwamba fani yetu ina historia mbaya katika jambo hili, na imeanzia jirani tu. Mwaka 1938 daktari Mwingereza, John Colin Carothers, alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, bila kuwa na mafunzo ya maana ya tiba ya akili. Wodi zake zilikuwa zimetengwa kwa rangi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maandishi yake juu ya Mau Mau. Watu walionyang'anywa ardhi wakapigana, na yeye akatafuta chanzo cha vita hivyo katika nafsi zao. Algeria nako, shule ya daktari Antoine Porot ilifundisha kwamba Mwarabu wa Afrika Kaskazini ni mtu wa jazba na jinai kwa maumbile. Frantz Fanon, daktari wa akili mzaliwa wa Martinique aliyeanza kazi hospitali ya Blida mwaka 1953, alitumia miaka yake yote hapo kuupinga uongo huo.

Sasa isikilize tena ile kauli ya "Wakurya ni wakali". Inafanana kwa karibu mno na hayo. Waingereza walipenda kuyagawa makabila katika yale ya vita na yale ya jembe, na Wakurya wakaandikishwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles na polisi. Baada ya uhuru njia hiyo ya ajira iliendelea, na vijana wengi wa Tarime wakaendelea kuvaa sare. Sifa iliyokuzwa na ofisi ya mwandikishaji ikageuka kuwa "damu yao". Wizi wa mifugo nao una historia yake. Michael Fleisher, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu juu ya wezi wa mifugo wa Kikurya kikatoka mwaka 2000, alionyesha jinsi uvamizi wa zamani ulivyobadilika ukawa biashara iliyofungamana na soko la fedha na mpaka wa Kenya, na jinsi bunduki zilivyoongezeka baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Soko, mpaka na bunduki ni vitu vyenye tarehe. Mtu anayeamini kwamba ni damu hana la kumsaidia mgonjwa, kwa kuwa damu haibadilishwi.

Chukua karatasi, uandike kila ulichowahi kusikia juu ya Wakurya: matani ya bwenini, vichekesho vya redioni, maneno ya kituo cha basi. Utani wa makabila ni hazina yetu, siukatai, lakini mtani hapaswi kuwa ndiye tabibu. Mbele ya kila neno jiulize: jambo hili ningeliona kwa mtu wa kabila langu, ningeliitaje? Mzee anayezungumza kwa sauti nzito, anayekutazama usoni na kukuambia moja kwa moja kwamba dawa zako hazijamsaidia, kwenu ungesema ni mtu mkweli. Kwa nini hapa uandike "mgonjwa ni mkorofi"?

Kuna neno moja katika orodha hiyo ambalo nataka ulikate kabisa. Ni lile linalosema mwanamke wa Kikurya asipopigwa huona hapendwi. Nimelisikia kwa watu wenye vyeti. Mama anakuja na jicho limevimba, analia usiku, hawezi kula, na anayempokea anajisemea moyoni kwamba ndiyo mila yao. Hapo huyo mama amepigwa mara mbili. Kipigo ni kipigo. Anastahili matibabu, fomu ya PF3, kuelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kuulizwa faraghani kama nyumbani kuna usalama wa kurudi. Ukimwambia "poleni, ndio wanaume wa huku," umemthibitishia kwamba hata serikali inaona alizaliwa kupigwa.

Ukoo ni jambo zito kuliko kabila

Mgeni hufika Itiryo akidhani anakutana na Wakurya. Mwenyeji mwenyewe, akiwa kwao, mara nyingi hajihesabu hivyo kwanza. Anajihesabu kwa ikiaro chake, yaani ule ukoo mkubwa wenye eneo lake, mnyama wake wa mwiko na wazee wake: Abairege, Abanyabasi, Abakira, Abatimbaru, Abanchari, Abarenchoka na wengineo. Jina la Wakurya kama jina la wote lilipata nguvu zama za ukoloni. Koo nyingine ziko pande zote mbili za mpaka, Tarime huku na Kuria ya Kenya kule, na mtu anaweza kumhesabu wa ng'ambo kuwa ndugu, huku wa kijiji cha pili akiwa adui wa mapigano. Upande wa Serengeti kuna pia Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, ambao wamechoka kuitwa Wakurya na kila anayepita.

Mapigano ya koo yamekuwa yakirudi Tarime kwa miaka mingi, kwa sababu ya mifugo iliyoibwa na mipaka ya mashamba. Nyumba zimechomwa, watu wamekufa, watoto wamelala porini. Kwa hiyo unapomwona mtu asiyepata usingizi, anayeshtuka mbwa akibweka, asiyekubali kukaa akiupa mlango mgongo, usikimbilie kuuliza kama karogwa au anakunywa gongo. Muulize mwaka ule nyumba zilipochomwa alikuwa wapi.

Lakini utaulizaje? Majina hayatakusaidia. Chacha, Mwita, Marwa, Bhoke, Rhobi na Ghati wamo katika kila ukoo. Na swali la wazi, "Wewe ni wa ukoo gani?", mbele ya benchi lililojaa watu, linaweza kusikika kama swali la mtu anayepanga pande. Usiulize mapokezini, usiulize ukiwa umeshika kalamu, na usiulize kabla hujajieleza wewe mwenyewe. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

"Mzee wangu, mimi nimetoka Tanga, na bado ni mgeni huku. Nikikosea katika kuuliza, unisahihishe. Kabla hatujaanza, hapa kituoni kuna mtu ambaye usingependa ayasikie mambo yako?"

Mzee anatazama mlango kwanza. "Yule kijana anayeandika majina."

"Basi leo nitaandika mwenyewe, na daftari litakaa kwangu. Tufunge dirisha?"

"Funga."

Dirisha likishafungwa, mengine yatakuja. Mzee atakutajia ukoo wake mwenyewe pale atakapoona unahitajika katika habari yake, na wa yule kijana pia.

Hili la mkalimani ni kubwa kuliko watu wa wizara wanavyodhani. Kituo kinapokosa mtu anayejua Kikurya, humwita yeyote aliye karibu: mlinzi, mfanya usafi, mgonjwa mwingine. Kikurya chao kinasikilizana, hivyo inaonekana kazi imefanyika. Mgonjwa lakini ameshamjua yule ni wa wapi kwa lafudhi yake, na atakachosema ni kile tu kinachoweza kusemwa mbele ya upande wa pili. Tafuta wakalimani wawili au watatu kutoka koo tofauti, waape kutunza siri, na umpe mgonjwa nafasi ya kuchagua. Akisema hamtaki mtu fulani, usimdai sababu.

Na kama wewe mwenyewe ni Mkurya, usijidanganye kwamba umeshavuka. Utaulizwa wewe ni wa wapi. Jibu kweli, kisha useme: "Najua koo zetu zimekuwa na mambo. Ukiona ni vigumu kuzungumza nami, nitakutafutia mwenzangu, na sitachukia." Wengi watabaki kwa sababu tu umewapa mlango wa kutokea.

Hatua za mtu na kabila lake

Mwanasaikolojia William Cross wa Marekani alieleza mwaka 1971 jinsi Mmarekani mweusi anavyobadilika katika kujitambua. Mwanzoni suala la rangi halimsumbui, au amemeza maoni ya wazungu juu yake. Kisha hutokea jambo linalomtikisa. Baada ya hapo huzama katika weusi wake na kukataa vyote vya upande wa pili, na hatimaye, akijaliwa, hutulia, akawa anajipenda bila kulazimika kumchukia mwingine. Aliandika juu ya watu wake na nchi yake. Nami naona ngazi hiyo inamfaa sana kijana wa Itiryo, mradi usiifanye sheria.

Mtazame kijana aliyekulia kwao akichunga ng'ombe na kusoma. Hajawahi kufikiri kuhusu Ukurya wake, kama asivyofikiri kuhusu hewa. Anafika Dar es Salaam chuoni. Wiki ya kwanza mwenzake wa chumba anamwita mura, neno la Kikurya la kijana aliyetahiriwa, na kumwambia huku akicheka, "Mura, usije ukatuchinja usiku." Wote wanacheka na yeye anacheka. Siku binti anapomkataa kwa sababu mama yake kasema "Mkurya hapana", hacheki tena. Hapo wengine hujificha: Chacha anakuwa Charles, Kikurya kinaongelewa kwenye simu akiwa ametoka nje, na kwao haendi hata Desemba. Wengine huivaa ile sifa yote na kuizidisha, kila ugomvi anautafuta, kila neno anamalizia na "mimi Mkurya bwana." Ukimpokea wa namna hii ukaandika kwamba ana tatizo la kudhibiti hasira, umeona nusu. Amepewa vazi la mtu wa kutisha akagundua kwamba linamkinga na kudharauliwa.

Kwa aliyejificha, usimhimize ajivunie kabila lake. Anza na swali dogo: nani kwenu anakupenda bila masharti? Mara nyingi jibu ni bibi. Mwache amzungumzie bibi, chakula chake, namna alivyomwita. Kwa aliyezidisha, muulize ni lini mara ya mwisho aliogopa, na ukae kimya muda wa kutosha. Na kwa wale waliokwenda mbali zaidi, Minnesota au London, kuna tabaka la pili: huko hakuna anayejua Mkurya ni nani, wote wanaona mweusi tu. Mtu aliyeondoka Tarime akijua kwamba yeye ni wa ukoo wenye heshima anajikuta akifuatwa dukani na mlinzi. Akipiga simu nyumbani kueleza, anaambiwa "kaza, mura". Akirudi likizo akiwa amenyamaza, msimcheke kwamba Uzungu umemharibu.

Usisahau wasio Wakurya. Mwalimu Mjaluo kutoka Rorya anayefundisha Tarime anaweza kuitwa omorisia, yaani mvulana asiyetahiriwa, na wanafunzi wa darasa la sita, akiwa na miaka arobaini na watoto wanne. Nalo ni dharau ya kundi. Mkurya anayeumia kwa kuitwa mchinjaji anaweza jioni hiyohiyo kumuumiza Mjaluo. Ukiwa mshauri wao wote wawili, haki inakutaka uyabebe maumivu yote mawili kwa uzito mmoja.

Binti aliyekataa

Misimu ya tohara, saro, huwa Desemba shule zikiwa zimefungwa. Kwa wasichana ni ukeketaji. Sheria iliyotungwa mwaka 1998 imeufanya kuwa kosa la jinai kwa aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anavunjiwa haki atoe taarifa. Hapa hakuna mjadala wa kitamaduni. Ukijua, toa taarifa. Simu ya bure 116 ipo kwa ajili ya watoto, na kuna kituo cha Masanga wilayani Tarime pamoja na nyumba salama ya Mugumu ya shirika la Hope for Girls and Women lililoanzishwa na Rhobi Samwelly.

Lakini wanaookoa mwili mara nyingi hufikiri kazi imeisha, na hapo ndipo yako inapoanza. Binti aliyekimbia ameokoka kisu, na wakati huohuo amepoteza jina lake katika jamii. Ataitwa omosagane, msichana asiyekeketwa, hata akiwa mama wa watoto. Anaweza kukosa mahali pa kukaa na wenzake, na anaposikia ngoma ya rika lake Desemba, sehemu ya moyo wake inataka kwenda. Usishtuke akikuambia hivyo, wala usimkemee. Wasichana hawa huona aibu ya kutamani kile walichokikimbia, na wakionyeshwa kwamba "jasiri" hapaswi kulia, hukaa nacho ndani mpaka kiwe sonona.

Mwambie wazi kwamba kumkataa ngariba na kulikataa kabila ni mambo mawili. Bado ni mjukuu wa bibi yake. Bado Kikurya ni chake, na nyimbo, na hadithi, na namna ya kupika. Mpe nafasi ya kuvitumia: mwache azungumze Kikurya katika mazungumzo yenu kama anataka, mkutanishe na mwanamke wa Kikurya asiyekeketwa aliyeolewa, anayefanya kazi na anayeheshimiwa. Mwanamke mmoja wa namna hiyo akiketi naye nusu saa atafanya zaidi ya mihadhara yangu na yako. Na mnapojaribu kumrudisha kwa wazazi, msimuulize baba tu kama amemsamehe. Muulizeni binti kama yeye amemsamehe baba.

Mvulana naye ana mzigo wake. Siku ya kutahiriwa hatakiwi kupepesa jicho, na kuanzia hapo anaitwa mura. Ni neno la heshima, na ukimwita kijana hivyo kwa upole utaona bega linashuka. Ila mura halii mbele za watu. Usimwombe akueleze hisia zake, huku mmetazamana uso kwa uso mezani. Tembea naye. Muulize habari za ng'ombe, za usingizi, za kifua kubana, za hasira isiyo na sababu. Huzuni yake utaipata humo, ikiwa imevaa nguo nyingine.

Jambo dogo lakini linalowaangusha wengi: ukimpokea mwanamke kijana aliyekuja na mama mtu mzima, usianze na "mume wako yuko wapi?" Kuna ndoa ya nyumba ntobhu, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake ili amzalie watoto wa nyumba yake. Uliza "nyumbani unaishi na nani?" na utapata jibu la kweli. Ndoa hizo nyingine zina upendo na nyingine zina manyanyaso, kama zilivyo zote.

Wazee, mkutano na siri

Fanon alipofika Blida alijaribu kutumia kwa wanaume Waislamu michezo na shughuli zilezile zilizowasaidia wanawake wa Kizungu wa wodi ya pili. Hawakujali. Alipowawekea mgahawa wa kahawa wa namna ya kwao, mahali pa kusali, na kumwita msimuliaji wa hadithi, wodi ikaanza kuchangamka. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare kusikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliohudumiwa na akina bibi walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Tiba inapokaa katika umbo analolijua mtu, huingia.

Wakurya wanayo maumbo yao. Kuna iritongo, mkutano wa wazi ambapo jambo husemwa mbele ya watu na kuamuliwa. Kuna inchama, baraza la siri la wazee. Baada ya mapigano, wazee wa pande mbili wanaweza kukutana na kula kiapo cha amani, na mtu aliyechomewa nyumba akisikia aliyeichoma akikiri hadharani, hilo linaweza kumpa usingizi ambao vidonge havikumpa. Wajue wazee hawa kabla ya kuwahitaji. Wasalimie, kaa nao, waeleze kazi yako.

Jua pia wanapoishia. Mkutano wa wazi ni mahali pa ugomvi wa koo. Siri ya mgonjwa mmoja haina nafasi hapo. Msichana aliyebakwa asipelekwe kwenye iritongo akasuluhishwe kwa ng'ombe. Aliyejaribu kujiua asitangazwe, na hasa kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa, atakayekuwa na ulimi mrefu anaweza kumpeleka kituo cha polisi badala ya hospitali. Na usiwape wazee kazi ya kuamua kama mtu apewe dawa za kifafa au za kusikia sauti.

Kwa maswali yenyewe, kuna mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliweka katika mwongozo wake wa DSM-5 maswali 16 ya kumsaidia tabibu kuelewa utamaduni wa mgonjwa. Kwa Kiswahili cha huku, mimi ningeyafupisha hivi: Tatizo hili wewe unaliitaje? Kwenu wanasema limetoka wapi, na wewe unasemaje? Katika kuwa wewe uliye, mtoto wa nyumba yako, wa ukoo wako, wa dini yako, kuna nini kinachokuzidishia uzito? Na kuna nini kinachokubeba? Hilo la mwisho ndilo watu husahau kuliuliza.

Unapompa mgonjwa rufaa

Kuna siku hali itazidi uwezo wako na utamtuma Bugando, Mwanza, ambako hakuna anayemjua. Barua utakayoandika itamtangulia, kama ile kauli ya "jiangalie" ilivyokutangulia wewe. Nimeona barua zinazoanza na "Mkurya, mkali, alipigana." Mpokeaji akisoma hivyo atamwita mlinzi kabla ya kumwita muuguzi. Andika kile ulichoona na kile alichosema:

"Mwanamume, miaka 34, mkulima. Wiki sita hapati usingizi, anakula mara moja kwa siku, ameacha kulima. Hali ilianza baada ya kaka yake kuuawa katika mapigano. Alimsukuma ndugu yake siku walipotaka kumfunga kamba. Tangu hapo ametulia. Anasema kwa urahisi zaidi kwa Kikurya kuliko Kiswahili, na anaomba mkalimani asiwe mtu wa Tarime. Anasema kukaa na ng'ombe wake na kusali kunampa nafuu. Ameridhia haya yaandikwe."

Msomee barua hiyo kabla hujaifunga, kwa lugha anayoielewa. Kama kuna neno hataki liende Mwanza, lifute mbele yake. Kisha mpe namba ya mtu wa kituoni atakayepokea simu, na hakikisha ndugu anayemsindikiza ni yule aliyemchagua mwenyewe.